Kutoka Santuri hadi Faili: Safari ya Sauti ya Kihaya na Dhamana ya Wanaisimu

1. Utangulizi

Neno santuri lina historia inayostahili kutazamwa kabla ya kuitazama mashine yenyewe. Kabla ya kuwa jina la sahani inayochezwa kwenye gramafoni, santuri lilikuwa jina la ala ya nyuzi iliyojulikana Uajemi na katika nchi za Kiarabu. Kinanda nacho, katika Kiswahili cha karne ya 19, kilikuwa ala ya nyuzi kabla ya watu kuanza kuiita kwa jina hilo mashine inayotoa muziki. Waswahili walipoipokea mashine ngeni, waliipa majina ya ala za nyuzi.

Magharibi mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Bukoba na Muleba, ala ya nyuzi iliyobeba historia ya watu ni enanga. Ni ubao uliochongwa mfano wa kihori, ambao juu yake uzi hupitishwa huku na huko hadi ukafanya nyuzi kadhaa. Mpigaji huimba tendi za mashujaa na watawala huku akijipigia. Si nia ya mhadhara huu kudai undugu wa asili baina ya maneno kinanda na enanga. Linalosisitizwa ni hili: ala ina mpigaji, na mpigaji ana jina, kijiji na lahaja. Sauti ikishaingia katika santuri, mambo hayo matatu hutegemea karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani na maelezo yaliyochapwa kwenye jalada lake. Sauti ikishahamishwa kutoka katika santuri na kuingia katika kompyuta, hata karatasi hiyo hubaki nyuma.

Siku hizi kazi ya kuhamisha inaweza kufanyika nyumbani. Anayetaka kuifanya anahitaji kinanda cha santuri, kikuza sauti, kompyuta ya kawaida na programu kama Audacity, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2000. Kwa sababu ya wepesi huo, wengi huiona kuwa kazi ya fundi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, kwa lugha kama Kihaya, kuhamisha sauti ni kazi ya isimu kabla ya kuwa kazi ya mashine, na kwamba wanaisimu wakijitenga nayo, sauti itahifadhiwa na lugha itapotea.

2. Jinsi sauti ilivyohifadhiwa

Santuri za Kiswahili zilianza kuvuma mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Hizo zilikuwa santuri za biashara. Upande wa utaalamu, hifadhi ya sauti ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900 na kukusanya silinda za nta kutoka pembe nyingi za dunia. Msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Duke wa Mecklenburg ulipitia Bukoba mwaka 1907 ukielekea Rwanda, na mmoja wa wataalamu wake, Jan Czekanowski, alinasa nyimbo za Rwanda katika silinda za aina hiyo.

Hatua kubwa zaidi ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akiwa na mitambo ya kurekodi, na Wahaya ni miongoni mwa jamii ambazo muziki wao ulinaswa. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Maktaba hiyo ilitoa mfululizo wa santuri 210 zenye sauti za Afrika ya Kati, ya Mashariki na ya Kusini, na orodha yake kubwa ilichapishwa mwaka 1973. Tracey alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes.

Wataalamu wa fasihi simulizi walifuata wakiwa na kanda za sumaku. Peter Seitel alikusanya hadithi za Kihaya na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1980, kisha kingine mwaka 1999. Mugyabuso Mulokozi aliwarekodi waimbaji wa enanga, na mwaka 1986 akawasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu kuhusu tendi zao. Kazi hiyo ilisaidia kuwajibu waliodai kwamba Afrika haina utendi simulizi. Ikumbukwe kwamba hoja hiyo isingesimama bila sauti zilizonaswa, kwa kuwa urefu wa utendi, mapigo yake na mahali mwimbaji anapovuta pumzi ni mambo yanayosikika kwanza, ndipo yaandikwe.

Wakati huo huo redio ya taifa ilitangaza kwa Kiswahili, na lugha za jamii hazikupewa nafasi ya kutangazia. Sera hiyo ilikuwa na sababu zake za ujenzi wa taifa, na matunda yake kwa Kiswahili yanafahamika. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba sauti ya Kihaya iliyonaswa katika miongo hiyo ni chache kuliko wingi wa wasemaji wake. Kila santuri iliyosalia ina uzito kuliko inavyodhaniwa.

3. Mashine na sifa za lugha

Kihaya ni lugha ya toni, na urefu wa irabu unabagua maana. Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walihariri juzuu la sarufi ya Kihaya mwaka 1977, na toni ilichukua nafasi kubwa katika uchambuzi uliofuata. Maandishi ya kawaida ya Kihaya hayaonyeshi toni. Kwa hiyo ushahidi wa toni za zamani uko katika sauti peke yake, na lolote linaloharibika wakati wa kuhamisha haliwezi kusahihishwa kwa kurejea maandishi.

Tuanze na mwendo. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Ikichezwa kimakosa kwa mwendo wa 45, sauti hupanda kwa zaidi ya nusutoni 5, na irabu iliyodumu milisekunde 200 husikika kwa milisekunde 148. Kosa hilo hugunduliwa na yeyote. Kosa la hatari ni dogo: kinanda kinachokwenda kasi kwa asilimia 3 hupandisha sauti kwa nusu ya nusutoni hivi, na hakuna msikilizaji atakayelalamika. Uhusiano wa toni ya juu na ya chini hautavurugika, lakini atakayepima ulinganifu wa nyuzi za enanga, au muda halisi wa irabu, atapata takwimu za mashine akidhani ni za mwimbaji.

Lipo kosa lililojificha zaidi. Tundu la santuri lisipokuwa katikati barabara, sauti hupanda na kushuka mara moja katika kila mzunguko, yaani kila baada ya sekunde 1.8. Mtafiti asiyejua asili ya wimbi hilo anaweza kuliandika kuwa ni kiimbo cha sentensi.

Sindano nayo ina masharti yake. Santuri za zamani za mwendo wa 78 zina michirizi mipana, na huhitaji ncha pana karibu mara tatu kuliko ile ya santuri ndefu. Ncha nyembamba hushuka hadi chini ya mchirizi na kukwaruza vumbi badala ya kusoma kuta zake. Aidha, wakati wa kuchonga santuri sauti nene hupunguzwa na nyembamba huongezwa, na kikuza sauti hurudisha mizani wakati wa kucheza. Kanuni ya pamoja ya mizani hiyo ilianza kukubalika mwaka 1954. Santuri za kabla ya hapo zilifuata kanuni mbalimbali, na kuzitumia zote kwa kanuni moja hubadili rangi ya irabu.

Linafuata suala la aina ya faili. Miongozo ya kimataifa ya hifadhi za sauti inapendekeza sampuli 96,000 kwa sekunde zenye biti 24. Kwa kiwango hicho, upande mmoja wa santuri wenye dakika 20 huchukua takriban megabaiti 691. Kwa kiwango cha diski za CD huchukua 212, na kwa faili ya MP3 ya kilobiti 128 huchukua 19 tu. Ni rahisi kuelewa kwa nini aliye nyumbani huchagua ya mwisho. Lakini MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa kile ambacho sikio la kawaida halitakikosa, na sikio hilo si la mwanafonetiki. Hali kadhalika, programu ya kuondoa mikwaruzo hutambua mkwaruzo kwa ughafla wake. Vipasuo vya lugha ni vya ghafla, na pigo la kidole juu ya uzi wa enanga ni la ghafla vilevile. Ndiyo maana nakala ya kwanza haina budi kuachwa kama ilivyotoka, pamoja na mikwaruzo yake, na usafishaji wowote ufanywe juu ya nakala ya pili.

4. Majina

Hayo ya mashine yanaweza kujifunzwa kwa wiki chache. Gumu zaidi ni jina la faili.

Tracey aliandika kwa kila wimbo lugha, wilaya, ala na waimbaji, jambo lililokuwa la mbele kwa wakati wake. Lakini majina ya mahali yamehama. Nchi iliyoitwa Tanganyika ikawa Tanzania mwaka 1964. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera mwaka 1979, baada ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Wilaya ya Muleba ilimegwa kutoka Bukoba katika miaka ya 1970. Kwa hiyo kijana wa Muleba anayeandika jina la wilaya yake katika kompyuta ya maktaba hatapata wimbo wowote wa mwaka 1950, hata kama babu yake ndiye aliyeuimba, kwa sababu Ihangiro yote imo ndani ya neno Bukoba. Hata mji ilipo maktaba yenyewe umebadilika jina: Grahamstown imekuwa Makhanda tangu mwaka 2018.

Jina la lugha lina matatizo yake. Wengine huandika Kihaya, wengine Ruhaya, Luhaya au Oluhaya. Kwa msemaji hiyo ni lugha moja, lakini kwa kompyuta ni lugha nne. Tena jina hilo moja linafunika usemi wa Kiziba, wa Kihamba na wa Kihangiro, na mara nyingine limetandazwa hadi Karagwe juu ya Kinyambo. Lahaja haitajwi katika maelezo mengi ya santuri, ilhali ndiyo inayoweza kueleza kwa nini toni ya mwimbaji mmoja inatofautiana na ya mwenzake.

Mwenye uwezo wa kujaza pengo hilo ni msikilizaji mzee aliyekulia katika lahaja husika, na wazee hao hawasubiri. Kagera ilipita katika vita vya mwaka 1978 na 1979. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa humo mwaka 1983, na maradhi hayo yakakata kizazi ambacho kingesimama kati ya wazee na vijana. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi za Bukoba, na kilichohifadhiwa katika nyumba moja tu huondoka na nyumba hiyo. Unyevu wa nchi inayopata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka huotesha ukungu juu ya majalada na lebo. Plastiki ya santuri hustahimili hali hiyo, bali karatasi yenye jina la mwimbaji huoza.

5. Kurejesha

Majirani wameonyesha njia. Sauti zilizorekodiwa Uganda na Klaus Wachsmann kuanzia mwaka 1949, na kuhifadhiwa London, zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere kwa umbo la dijitali mwaka 2009. Rekodi za Tracey zilirejeshwa vilevile katika vijiji vya Kenya katika muongo wa 2010. Mafunzo ya kazi hizo ni kwamba nakala ikifika bila mtu wa kuisikiliza pamoja na wenyeji, huwa zawadi isiyofunguliwa.

Kwa Bukoba na Muleba, ni lugha gani itumike kuandikia maelezo? Wapo wanaohofu kwamba Kiswahili kikitumika kitakimeza Kihaya ndani ya orodha kama kilivyokimeza redioni. Hofu hiyo ina msingi na isipuuzwe. Jibu lake ni kugawa kazi. Matini ya wimbo, majina ya mitindo na ya sehemu za ala yaandikwe kwa Kihaya, toni na urefu wa irabu vikionyeshwa. Maelezo ya muktadha yaandikwe kwa Kiswahili, ili mwanafunzi wa Lindi au Mombasa ayafikie bila kupitia lugha ya tatu. Jina la mahali liandikwe la wakati ule na la sasa, pamoja na msimbo wa kimataifa wa lugha, ambao kwa Kihaya ni hay. Kwa njia hiyo Kiswahili kitakuwa mlango wa kuingilia katika Kihaya.

Lipo pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua fani za jadi, na si kila kilichonaswa kiliimbwa ili kisikike kila mahali. Uamuzi huo wahitaji kufanywa pamoja na wenye wimbo, na hauwezi kufanywa iwapo jina lao halimo katika faili.

6. Hitimisho

Vifaa vya kuhamishia sauti havijawahi kuwa rahisi kama sasa, na kwa sababu hiyo hiyo hatari imekuwa kubwa: faili nyingi zitazaliwa, zenye majina kama wimbo wa kwanza na wimbo wa pili. Mwanafunzi mmoja wa isimu anayeketi na mzee wa Ihangiro, akacheza upande mmoja wa santuri na kuandika nani anaimba, kwa lahaja ipi, katika sherehe gani, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna mashine itakayoifanya baada ya mzee huyo kuondoka. Santuri inaweza kungoja miaka mingine 50. Mzee hawezi.