Kutajwa Si Kurithi

Kaa stejini Keroka siku ya soko usikilize vile watu wanaongea siasa. Keroka yenyewe iko nusu Kisii, nusu Nyamira, na kaunti hizo mbili zimeivutania sana. Lakini kuna swali halina mpaka: nani atashika baada ya Rais? Kila awamu ikikaribia kuisha, kuna jina la kwetu linatajwa. Na likitajwa tu, tunashangilia kama tayari ameapishwa.

Mimi nasema tupunguze. Si ati siwapendi watu wetu. Ni vile hii filamu tumeshaiona.

Tuanze mbali kidogo. 1976, Mzee Kenyatta akiwa amezeeka, wanasiasa kina Kihika Kimani, Njenga Karume na Njoroge Mungai walitaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais, Daniel arap Moi, asishike nchi hata kwa muda kama Rais angefariki. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akawaonya: kuwaza kifo cha Rais ni kosa, na adhabu yake ni kifo. Yaani kukisia tu kungekutoa uhai. Moi akanyamaza, akangoja, 1978 akaingia Ikulu.

Sasa Moi aliyaona hayo yote akiwa ndani. Kwa hivyo zamu yake ilipofika, aliwafungia watu mlango wa kukisia kwa njia nyingine. Baada ya uchaguzi wa 1997 aliunda serikali bila makamu wa rais. Kiti kilikaa wazi zaidi ya miezi 14. Hebu fikiria: kila waziri KANU akiamka asubuhi anajiuliza, "Labda ni mimi?" Mtu anayejiuliza hivyo hawezi kumpinga bosi.

Hapo ndipo omogaka wetu, Simeon Nyachae, anaingia kwa hadithi. Mtoto wa chifu Musa Nyandusi, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, kisha Katibu Mkuu wa serikali, halafu mbunge wa Nyaribari Chache kuanzia 1992. Mwaka wa 1998 alikuwa Waziri wa Fedha. Kwa kazi na kwa pesa, hakuna aliyemdharau. Jina lake likawa kwa orodha ya wanaoweza kumrithi Moi.

Shida ni kwamba alifanya kazi yake. Alisema hadharani hazina ina madeni mazito na nchi imeishiwa. Februari 1999 akahamishwa kutoka Fedha hadi wizara ya viwanda. Akakataa, akajiuzulu. Miezi miwili baadaye Moi akamrudisha George Saitoti kwa umakamu, tangazo lenyewe likitolewa kando ya barabara huko Limuru.

Na usifikirie Saitoti aliponea. Machi 2002, pale Kasarani, KANU iliungana na NDP ya Raila Odinga. Raila akawa katibu mkuu, na manaibu wenyekiti wakawa Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Saitoti, makamu wa rais wa nchi, akaachwa nje. Miezi michache baadaye Moi akasema mrithi ni Uhuru. Wote waliokuwa wametajwa miaka hiyo yote wakagundua walikuwa wanapanga foleni mbele ya dirisha lililofungwa.

Nyachae akaenda kivyake na FORD-People. Desemba 2002 Gusii ikamfuata karibu yote. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini kitaifa alipata kura 345,152, karibu asilimia 6, akawa wa tatu nyuma ya Kibaki na Uhuru. Chama kilipata wabunge 14, na 2004 Kibaki akamwita kwenye baraza la mawaziri. Lakini 2007 hata kiti cha Nyaribari Chache akakipoteza.

Ruka hadi Januari 2019. Uhuru sasa ndiye Rais, na anampa Fred Matiang'i, mtoto wa Nyamira, uenyekiti wa kamati inayosimamia miradi ya serikali yote. Tena uvumi ukawaka: "Huyu ndiye mrithi!" 2022 ikafika, Jubilee ikamuunga mkono Raila, na jina la Matiang'i halikuwa kwa debe. Leo anatafuta kiti mwenyewe, akilenga 2027. Hiyo ni haki yake, na mimi naiona kama njia safi kuliko kungoja kuteuliwa.

Somo langu ni hili. Vyama tawala vyetu havijawahi kuwa na ngazi ya kupanda hadi juu. Kuna mtu mmoja, na anachagua akitaka. Jina lako likitajwa linamsaidia yeye: kwenu mnatulia, na wapinzani wako ndani ya chama wanaanza kukuvizia wewe badala ya yeye.

Kwa hivyo ukisikia tena "mtu wetu anatajwa," uliza maswali matatu. Ana wajumbe wangapi ndani ya chama? Nani anamuunga mkono nje ya Kisii na Nyamira? Na akikatazwa kesho, ana pa kwenda zaidi ya nyumbani?

Kama majibu ni kimya, basi hajapewa kitu. Na sisi vijana tutakuwa tumekopesha kura zetu kwa uvumi, na uvumi haulipi deni.

Leo ukifika nyumbani, muulize guka au mama yako alimpigia nani 2002, na alipata nini. Usimkatize. Sikiliza tu.