Bwaga Moyo: Sheikh Ramiya na Utulivu wa Nafsi

Jina la Bagamoyo limebeba maana mbili zinazopingana. Kwa wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani, "bwaga moyo" lilikuwa neno la faraja: safari ya miezi imekwisha, tua mzigo, pumzika. Kwa waliofika shingoni wana minyororo, masimulizi ya pwani yanalieleza jina hilohilo kwa uchungu: hapa ndipo mateka alipouacha moyo wake, kwani mbele yake palikuwa na bahari na nyuma hapakuwa na njia ya kurudi kwao. Mjadala wa maana ipi ndiyo ya asili haujaisha. Hata hivyo, maisha ya mtu mmoja yanaonyesha kuwa maana zote mbili zaweza kukaa katika kifua kimoja.

Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alikuwa mzaliwa wa Manyema, mashariki ya Kongo. Alitekwa angali mtoto, akaletwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki. Mji hakuuchagua, wala bwana hakumchagua. Alichokishika mwenyewe ni elimu. Alisoma Kurani, akaendelea na vitabu vya dini. Akauza samaki kwa riziki yake, akapata mashamba ya minazi, na hatimaye akakaa kitako kuwafundisha wengine.

Mji nao ulikuwa ukipita katika misukosuko yake. Vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 viliitikisa pwani yote. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam, na reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1905 ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara ilibaki bila misafara. Bagamoyo, mji ulioishi kwa mizigo, ukakosa mizigo.

Katika miaka hiyo ya unyonge ndipo tarika ya Kadiria ilipostawi. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alikuwa ameieneza Unguja, na kutoka huko ikavuka hadi Mrima. Bagamoyo ilimpata Sheikh Ramiya kuwa khalifa wake. Katika halka ya zikri haulizwi mtu nasaba yake. Mjukuu wa liwali na mtoto wa mtumwa husimama bega kwa bega, wakivuta pumzi moja kwa jina moja. Kwa waliong'olewa makwao, huo ulikuwa ukoo mpya.

Ridhaa ya namna hii isichanganywe na utii ambao mabwana walipenda kuwausia watumwa wao. Utii ule ulimtaka mja anyamaze abaki alipo. Ridhaa ya Sheikh Ramiya ilimpa miguu ya kutembea: aliyekwisha kujua kwamba thamani yake haitoki kwa bwana hana haja ya kuingoja hati ya bwana ili aanze kuishi. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa mji, yule mateka wa Manyema ndiye aliyefanywa liwali wa Bagamoyo.

Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika ukhalifa baada yake, na maulidi ya Bagamoyo yakawa yakiwakusanya watu kutoka visiwani, Mrima na bara. Wengi walishika mwelekeo uleule wa misafara ya kale, kutoka bara kuelekea baharini. Safari hii hapakuwa na pembe mabegani wala mnyororo shingoni. Walikuja kwa hiari yao, wakafika, wakabwaga moyo.