Bega, Mti na Mtiririko wa Damu: Uhamali katika Mji Mkongwe wa Unguja na Hoja ya Uvivu

Historia ya kazi katika Unguja imeandikwa zaidi kwa hesabu ya bei: bei ya karafuu, bei ya mtumwa, ujira wa kibarua. Mwili uliochukua gunia kutoka ufukweni hadi ghalani hutajwa kwa nadra, na unapotajwa aghalabu huwa ni kwa kulaumiwa. Insha hii inashikilia kwamba lawama hiyo, yaani madai ya uvivu wa mchukuzi, haiwezi kupimwa kwa haki bila kwanza kuelewa jambo linalotokea ndani ya msuli ulioelemewa.

Kabla ya gati la kina kirefu kujengwa katika miaka ya 1920, meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo na pwani, na shehena ililetwa kwa matishali na mashua. Kutoka hapo mzigo ulipita mikononi, vichwani na mabegani mwa watu, kwa kuwa vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Katika karne ya 19 kazi hii ilifanywa na watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana, na pia na Washihiri kutoka Hadhramaut. Neno lenyewe hamali limetoka katika Kiarabu. Neno kibarua nalo lina asili ya barua ndogo, cheti cha kazi ya siku.

Namna za uchukuzi zilikuwa chache na zilizopimwa vizuri. Mzigo mwepesi uliwekwa kichwani juu ya kata. Mzigo wa mtu mmoja uliogawika uliwekwa kwa mzegazega, yaani mti begani na uzito ncha mbili. Mzigo mzito ulining'inizwa katika mti uliochukuliwa na watu wawili au zaidi, wakienda kwa hatua moja na kwa wimbo wa kupokezana. Karibu katika namna zote hizi vidole havikuachiwa kazi ya kubeba.

Hapa fiziolojia ina la kusema. Msuli unapokazwa bila kulegezwa, shinikizo ndani yake hupanda na kuibana mishipa midogo ya damu. Mkazo ukiwa hafifu damu huendelea kupita; ukizidi, mtiririko hupungua na hatimaye huweza kukatika kabisa. Oksijeni huadimika, mabaki ya kazi ya msuli hujikusanya, na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Mwaka 1937 Alam na Smirk, waliokuwa wakifanya utafiti Cairo, walionyesha jambo hili kwa njia rahisi: waliwafanyisha watu kazi ya misuli huku damu ya kiungo kile ikiwa imezuiwa kwa bangili ya hewa. Kazi iliposimama lakini kizuizi kikabaki, shinikizo la damu la mwili mzima halikurudi chini hadi damu iliporuhusiwa kupita. Kwa maneno mengine, msuli mdogo ulionyimwa damu unaweza kuusumbua moyo.

Mwaka 1968 Lind na McNicol walilinganisha uzito uliobebwa kwa mkono na uzito uleule uliobebwa kwa mikanda ya mabegani. Mkono ulipandisha shinikizo la damu zaidi, kwa sababu misuli ya kigasha hulazimika kukaza muda wote. Miguu inayotembea haina taabu hiyo: hukaza na kulegea, na kila ikilegea damu huingia. Hamali wa Forodhani hakuhitaji maabara kulijua hilo. Ni kweli kwamba bega nalo huumia, na sugu ya bega haiponyeki kwa wimbo. Lakini uzito ulihamishwa kutoka kwenye msuli unaokaza hadi kwenye mifupa na miguu.

Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, malalamiko kuhusu uvivu yaliongezeka. Frederick Cooper, katika From Slaves to Squatters (1980), ameonyesha jinsi maofisa na wenye mashamba walivyotaka kazi ya mfululizo, iliyopimwa kwa saa. Cooper ameisoma hoja hiyo kama vita vya mamlaka, na kwa kiasi kikubwa yuko sahihi. Hata hivyo, tafsiri yake inaacha upenyo. Si kila kusimama kulikuwa ukaidi. Mchukuzi aliyetua mzigo kila baada ya masafa fulani alikuwa akiirudishia misuli damu yake, na msimamizi aliyemhimiza asitue alimpunguzia, pengine bila kujua, uwezo wa kufika. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1948, uliogeuka kuwa mgomo mkuu wa mji, hujadiliwa kwa kawaida kama suala la ujira na gharama za maisha. Masharti ya kazi yenyewe yanastahili kusomwa upya kwa jicho hili.

Kwa mtafiti atakayeona nyaraka za serikali haziongei, lugha ni ghala jingine. Kiswahili kina kitenzi cha kumsaidia mwenzio kuinua mzigo hadi kichwani, twika, na kingine cha kuuteremsha, tua. Kutokana na tua tumepata kituo, mahali pa kutulia mzigo, neno ambalo leo abiria wa daladala wa Darajani hulitumia bila kukumbuka mabega ya nani yaliyolizaa.