Jackson na majimbo mawili

Wadau, nimemaliza kusoma habari za Andrew Jackson na kuna kitu kinanikera, acha nikiseme hapa.

Bwana huyu alichaguliwa rais wa Marekani mwaka 1828 akisifika kama mtetezi wa watu wa kawaida. Novemba 1832 South Carolina wakagoma: wakatangaza kwamba ushuru wa forodha wa 1828 na 1832 ni batili kwao, eti unanufaisha viwanda vya Kaskazini na kuwaumiza wao wenye mashamba ya pamba. Wakatishia kujitenga. Jackson akawaka! Desemba akawaambia kujitenga kwa silaha ni uhaini, na Machi 1833 Kongresi ikamruhusu kutumia jeshi. Ushuru ukapunguzwa pia, na South Carolina wakanywea.

Haya, twende Georgia. Mwaka huohuo wa 1832 Mahakama ya Juu iliamua kuwa sheria za Georgia hazina nguvu kwenye ardhi ya Wacherokee. Georgia wakapuuza. Jackson? Kimya. Si ndiye aliyesaini sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu mwaka 1830? Askari walifika 1838, enzi za Van Buren aliyempokea kiti, tena kuwafukuza hao hao Wacherokee. Maelfu walikufa.

Vitabu vinasema Jackson aliulinda muungano. Kweli, aliulinda. Ila jimbo kugomea ushuru likawa kosa la kuitiwa jeshi, na jimbo kupora ardhi ya watu likaachwa. Hivi Wacherokee hawakuwa watu wa kawaida?