Namba mbili wa Waterloo

Tarehe 1 Juni 1815, Marshali Louis-Alexandre Berthier alianguka kutoka dirisha la ghorofani mjini Bamberg, Bavaria, akafa. Wapo wanaosema alijirusha, wapo wanaosema alisukumwa, ubishi haujaisha. Siku 17 baadaye Napoleon alishindwa Waterloo, bila mtu aliyekuwa mnadhimu wake mkuu tangu Italia mwaka 1796 hadi 1814.

Napoleon alitoa mawazo kwa kasi, na Berthier akayageuza kuwa amri zinazotekelezeka: kikosi gani, njia ipi, saa ngapi. Hakuwa jemadari. Aprili 1809 aliachiwa jeshi kule Ujerumani. Waaustria walipoingia Bavaria, vikosi vikatawanyika na Marshali Davout akabaki Regensburg hatarini, mpaka Napoleon mwenyewe alipofika kuokoa jahazi.

Mwaka 1815 Napoleon akampa kazi hiyo Soult, ambaye askari wake ndio waliopanda miinuko ya Pratzen kule Austerlitz. Jemadari hodari, lakini ukarani wa vita ni ufundi mwingine. Tarehe 16 Juni kikosi cha d'Erlon, watu wapatao 20,000, kilishinda kikienda na kurudi kati ya mapigano ya Ligny na ya Quatre Bras kwa amri zilizopingana, kisisaidie popote. Lawama hiyo si ya Soult peke yake, maana Marshali Ney naye alichangia. Ila barua aliyomwandikia Marshali Grouchy saa saba mchana wa tarehe 18, kumwita na askari wake zaidi ya 30,000, ilifika jioni, Grouchy akiwa tayari ameshikwa na mapigano Wavre.

Upande wa maadui wake Waingereza, kamanda wao Wellington hakutaka naibu kabisa. Lord Uxbridge, aliyemfuata kwa cheo, hakuwa chaguo lake, na isitoshe alikuwa ametoroka na mke wa mdogo wake Wellington. Inasimuliwa kwamba kabla ya vita Uxbridge aliuliza mpango ni upi, akajibiwa kuwa mpango utategemea Bonaparte, na Bonaparte hajasema wake. Watu hucheka kisa hiki. Mimi naona ni uzembe: siku hiyo mizinga ilimkosakosa Wellington, na kombora likamvunjavunja Uxbridge mguu hata ukakatwa. Lingempata Wellington mapema, jeshi lingerithiwa na mtu asiyejua lolote.

Washirika wao Waprusia ndio waliolitafakari jambo hili kwa kina. Baada ya kipigo cha Jena mwaka 1806, Scharnhorst na Gneisenau walijenga utaratibu ambao mnadhimu alifikiri pamoja na kamanda na kubeba wajibu pamoja naye. Kamanda wao Waterloo, Blücher, mzee wa miaka 72, alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye mashambulizi, na alijijua kuwa si mtu wa ramani. Alipotunukiwa udaktari wa heshima Oxford mwaka 1814, inasemekana alitania kwamba kama yeye ni daktari, basi Gneisenau apewe cheo cha mtengeneza dawa.

Jioni ya tarehe 16 Juni, pale Ligny, farasi wa Blücher alipigwa risasi akamwangukia. Mzee hakuonekana, jeshi limeshindwa, giza linaingia. Gneisenau, mnadhimu wake, akashika amri. Hakumwamini Wellington, na njia ya mashariki, ya kurudi kwao, ilikuwa wazi. Akaamuru jeshi liende kaskazini, Wavre, ambako halikuachana na Waingereza. Siku mbili baadaye Blücher, mwili ukimuuma, aliwatoa watu wake huko na kuwapiga Wafaransa ubavuni alasiri ile ya Waterloo. Kwa hesabu yangu vita viliamuliwa usiku ule wa Ligny, na aliyeviamua si mmoja wa majemadari watatu tunaowasoma shuleni.

Utaratibu huo uliendelea kukua. Mwaka 1866, katika vita dhidi ya Austria, Mfalme Wilhelm wa Prussia alimruhusu mnadhimu wake mkuu, Helmuth von Moltke, kutuma amri moja kwa moja kwa majeshi. Pale Königgrätz, inasimuliwa, kamanda mmoja wa divisheni alipokea amri, akaikubali kuwa nzuri, kisha akauliza huyo Jenerali Moltke ni nani.