Kanisa la Mtakatifu Egidi huko Cheadle na Vioo vyake vya Rangi

Ndugu wakristu, na ninyi mapadri wageni wetu, siku ya yubile hatuhesabu miaka tu, tunakumbuka pia mikono iliyojenga. Kwa hiyo nawaalika twende kwa mawazo hadi Uingereza, katika mji mdogo wa Cheadle, jimbo la Staffordshire.

Kwa karne mbili na zaidi sheria za nchi ile ziliwagandamiza wakatoliki. Misa ilisomwa kwa kujificha, na vioo vingi vitakatifu vya mababu vilivunjwa. Mwaka wa 1829 sheria mpya iliwafungulia mlango. Ndipo mtu mkubwa, John Talbot wa Shrewsbury, alipotoa mali yake, na Augustus Welby Pugin, aliyeingia Kanisa katoliki mwaka wa 1835, akachora yote: kuta, altare, milango, hata madirisha. Kazi ilianza mwaka wa 1841, wakati wa Malkia Victoria. Kanisa lilifunguliwa tarehe 1 Septemba 1846, sikukuu ya Mtakatifu Egidi.

Vioo vilitengenezwa na William Wailes wa Newcastle. Tusidhani vimepakwa rangi kama ukuta. Rangi huingizwa kioo kingali kikiyeyuka motoni. Kobalti, kwa mfano, huleta buluu. Kisha kioo hukatwa vipande, nyuso na mikunjo ya mavazi huchorwa juu yake, vipande huchomwa tena, halafu huunganishwa kwa risasi. Dirisha kubwa nyuma ya altare linaonyesha Mti wa Yese, ndio ukoo wa Bwana wetu. Asiyejua kusoma aliweza kusoma humo.

Pengine mtu atauliza: mbona mali nyingi hivi kwa ajili ya vioo, na maskini wapo mlangoni? Swali hilo ni la haki. Lakini tukumbuke kwamba karibu na kanisa Pugin alijenga shule vilevile. Na uzuri ule haukufungiwa katika nyumba ya tajiri, uliwekwa pale ambapo maskini hupiga magoti bila kulipa kitu.

Pugin alikufa mwaka wa 1852, mwenye umri wa miaka 40 tu. Kazi yake yadumu, lakini haidumu yenyewe. Risasi huchoka, na vizazi vya baadaye hupaswa kuibadilisha, wasije wakapoteza vioo. Ndivyo ilivyo imani tuliyoachiwa na wazee wetu: vioo ni vyao, risasi ni juu yetu.

Mtakatifu Egidi, utuombee.