Konokono Aliyefichwa na Kombe Lake

Mwaka 1705, miaka mitatu baada ya kifo cha mtaalamu wa viumbe Georg Rumphius, kilichapishwa Uholanzi kitabu chake kuhusu makombe, kaa na mawe ya thamani ya kisiwa cha Ambon, katika Indonesia ya leo. Ndani yake mna habari fupi ya mjakazi mmoja wa visiwa vya Banda. Alikuwa akivuta juya na wenzake, akaokota konokono wa bahari wa jamii ya Conus, akatembea naye mkononi kurudi ufukoni. Kiganja kikaanza kumwasha, mwasho ukapanda mkono mzima, ukaenea mwilini, akafa. Kwa hiyo tangu wakati huo ushahidi ulikuwepo, tena kwa maandishi. Hata hivyo zilipita karne mbili na nusu kabla ya sayansi kujibu swali ambalo mtoto angeliuliza: kiumbe anayetambaa polepole vile ana haja gani na sumu ya kuua mtu? Kwa maoni yangu, kilichochelewesha jibu ni uzuri wa kombe. Watu walilipenda mno hata wakamsahau mwenyeji wake.

Tazama jinsi Ulaya ilivyompokea. Mwaka 1650 mchoraji Rembrandt alichora kombe la mmoja wa jamii hii kwenye bamba la shaba, na kwa kuwa hakuligeuza, picha iliyochapwa inaonyesha mzunguko uliopinduka. Lakini jina lake mwenyewe alikumbuka kuligeuza. Mwaka 1758 mwainishaji wa viumbe Linnaeus alimwita konokono mkubwa kuliko wengi wa jamii hiyo Conus geographus, kwa sababu madoa yake ya kahawia yanafanana na ramani. Yote hayo ni habari za nje ya nyumba. Kabatini mwa matajiri kombe lilifika likiwa limesafishwa na kukauka, na mnyama aliyelijenga alishatupwa. Hata alipokufa kijana wa miaka 27 kisiwani Hayman, Australia, mwaka 1935, baada ya kumshika geographus, daktari Hugo Flecker aliripoti kisa hicho mwaka uliofuata kama tukio la kitabibu. Kilichomshughulisha ni mgonjwa, si windo ambalo sumu ile iliumbiwa.

Windo lenyewe lilijulikana mwaka 1956, pale Alan Kohn, mwanaikolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Hawaii, alipochapisha kwamba baadhi ya konokono hawa hula samaki. Silaha yao ni jino lililobadilika kuwa chusa tupu ndani, lenye ncha ya kunasa, linalofyatuliwa kutoka kwenye mkonga laini likiwa limejaa sumu. Geographus ana mbinu yake ya ziada: usiku hupanua mdomo kama mgono, samaki wadogo wakaingia wakiwa wamelegea, kisha huwachoma mmoja mmoja humohumo. Sasa mtu atapinga kwamba watu wa zamani hawakuwa na vifaa. Upande wa kemia ana haki. Kutenganisha protini ndogo ndogo zilizochanganyika kwa wingi katika tone moja la sumu kulihitaji maabara za karne ya 20. Lakini kuona konokono akila samaki kulihitaji chombo cha maji ya bahari, samaki hai na mtu wa kukaa akatazama. Vyombo hivyo vilikuwa pambo la sebuleni Uingereza tangu miaka ya 1850.

Swali lilipopata mwenyewe, mambo yalikwenda mbio. Baldomero Olivera, mwanabiokemia Mfilipino, alianza na sumu ya geographus, akakuta sehemu yake moja inapooza misuli kwa njia ileile ya swila. Hilo halikumpa jipya. Jipya lilitoka kwenye sehemu nyingine za sumu, wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Utah walipozidunga kwenye ubongo wa panya moja baada ya nyingine na kuona kila moja ikileta tabia yake. Kutoka kwa binamu wa geographus, Conus magus, mwanafunzi kijana Michael McIntosh alipata molekuli ya asidi amino 25, na nakala yake ya kiwandani, zikonotidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kuwa dawa ya maumivu sugu, ikiingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo.

Kuna anayeona kwamba hayo ni ushindi wa kemia tu, na kwamba maisha ya mnyama hayana uzito. Ugunduzi wa mwaka 2015 unamjibu. Ilibainika kwamba geographus, ambaye yumo pia katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki na ambaye sumu yake bado haina dawa ya kupunguza makali, hutengeneza insulini iliyo karibu na ya samaki kuliko ya konokono. Insulini hiyo ikimwingia samaki, sukari yake ya damu hushuka ghafla hadi akashindwa kuogelea. Ni nani angeitafuta insulini katika sumu bila kujua kwanza kwamba mwenye sumu hiyo anawinda samaki? Tena insulini hiyo haina ule mkia unaofanya molekuli za insulini ya binadamu zigandamane, ndiyo maana hufanya kazi upesi, na watunga dawa za kisukari sasa wanaichunguza kwa sababu hiyo.